Kula Kabati Kabla Fukusi Hawajakutangulia

Tarehe 24 hapa Miritini, Mombasa, utaijua bila kalenda. Malori ya Kampala na Kigali yanapita barabarani kama kawaida, treni ya mizigo inapiga honi kule kituoni, lakini dukani vipimo vimekuwa vidogo. Aliyenunua mafuta ya kupikia kwa chupa tarehe 3 sasa ameshika kikopo, anaomba ya kupima. Aliyechukua pakiti mbili za unga sasa anauliza kama nusu kilo inauzwa. Mwenye duka amelitoa daftari la madeni chini ya meza, na kalamu ameifunga kwa uzi isije ikapotea ilhali kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Kutoka hapo hadi mshahara uingie ni siku 6 au 7, na siku hizo huvukwa kwa kabati. Huu ni mwongozo wa kuvuka. Nimemwandikia kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza karibu na yadi za makontena, bibi harusi aliyekabidhiwa jiko juzi, na baba anayebaki na watoto mama akiwa zamu ya usiku. Ukicheka njiani, cheka, mradi sufuria usiisahau motoni.

Hesabu milo

Fungua kabati. Nasema kabati, lakini huenda lako ni ndoo mbili na katoni chini ya kitanda. Hilo pia ni kabati. Toa kila kitu, kipange juu ya mkeka mahali penye mwanga, kisha ukae chini ukitazame. Unga, mchele, maharagwe, pojo ambazo watu wa bara huziita ndengu, kunde kavu, labda mfuko wa tambi uliobaki tangu Ramadhani, chumvi, bizari, ukwaju uliokauka hadi ukawa kama kipande cha soli. Pengine na kitu ulichokwisha kusahau kwamba unacho. Mwezi uliopita mimi nilikuta mbaazi nyuma ya mtungi wa gesi, na tulizila siku mbili.

Sasa hesabu, lakini usihesabu kilo. Anayesema "nina kilo 4 za maharagwe, kilo 5 za mchele, alhamdulillahi" anahesabu kama mwenye ghala. Mpishi huhesabu milo, na mlo mmoja una vitu vinne: chakula chenyewe, kitoweo chake, moto na maji. Kikikosekana kimoja, vile vitatu vinabaki kutazamana.

Kwangu, nyumba ya watu watano, kilo ya pojo ni milo 4. Kilo ya maharagwe ni milo 3, kwa sababu maharagwe huliwa kwa bidii zaidi. Pakiti ya unga ya kilo 2 ni sima ya siku 3. Siku ambazo shemeji yangu yupo, ni siku 2, na simlaumu, anashusha magunia tangu alfajiri. Andika kwenye karatasi: pojo, milo 4. Kunde, milo 2. Ibandike karatasi kwenye mlango wa kabati, na kila ukipika ukate mstari mmoja. Karatasi hii hukuondolea lile swali la saa 11 jioni, "Leo tunakula nini?", swali ambalo limewapeleka wengi kibandani kununua viazi karai vya shilingi mia huku kabati limejaa.

Tena panga milo mizito mwanzo na mepesi mwisho, maana mkaa nao unapungua. Hapa ndipo wengi huanguka. Maharagwe ni chakula cha bei nafuu hadi uanze kuyapika. Maharagwe makavu ambayo hayakulowekwa yanaweza kukaa motoni saa 3, na ukinunua mkaa kwa kopo, utakuta makopo yamegharimu zaidi ya maharagwe. Majirani zetu Wakamba wana jina la njaa moja ya miaka ya 1980: Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika mkononi. Pesa zilikuwa mkononi, chakula ndicho kilichokosekana. Jikoni kwetu mwisho wa mwezi njaa hiyo huja imepinduliwa: mtu analala njaa ilhali maharagwe anayo mkononi, hana cha kuyaivishia.

Moto na maji navyo vimo kabatini

Loweka. Kama utalisahau kila neno la mwongozo huu, hilo likumbuke. Maharagwe ya kesho yaingie majini leo usiku, kwa muda wa saa 8 hadi 12, na kijiko cha chumvi ndani yake ukipenda, kwani chumvi husaidia ganda kulainika. Kunde na mbaazi kavu hutosheka na saa chache. Pojo hazina makuu, ukiziosha ziko tayari kwa safari.

Kuivisha kwa kapu nilifundishwa mwaka 2020. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi, na tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, haingii mtu wala hatoki, mpaka Julai. Vibarua vilikauka. Nilikuwa uani jioni moja napepea jiko, na jirani yangu, mama mtu mzima mzaliwa wa upande wa Rabai, akasimama mlangoni kwake akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, unampepea nani?"

"Maharagwe, mama. Yana saa 2 na bado magumu."

Akaja, akachota moja kwa upawa, akalitia mdomoni, akalitema kiganjani. "Haya ni ya lini?"

"Nilinunua Agosti."

"Basi ni wazee haya. Mzee hapigiwi kelele, hubembelezwa. Yatie kapuni ukalale."

Akaniletea kapu lake la ukili, lile pana la kuendea sokoni. Ndani yake alikuwa amelipanga blanketi kuukuu, juu ya blanketi kanga mbili zilizochakaa, na katikati ameacha shimo la ukubwa wa sufuria, kama kiota. Tukaichemsha sufuria hadi ikatokota sawasawa, tukaifunika kwa mfuniko wake, tukaitia kiotani, tukaivika kanga, kisha blanketi, kisha mto juu yake. Jiko tukalizima, makaa yaliyobaki tukayafukia jivuni kwa chai ya asubuhi. Nilipofunua alfajiri, mvuke ulinipiga usoni. Ukilibonyeza harage kwa vidole viwili linapondeka lote, hata kiini.

Kanuni za kapu ni chache, lakini usizichezee. Maharagwe, hasa mekundu, yatokote kwa nguvu kwanza, si chini ya dakika 10, ndipo yaende kapuni. Yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo moto mkali huiua, lakini moto wa uvuguvugu hauiui, na anayeyala mabichi au nusu mabichi hutapika vibaya. Mimi huyapa dakika 20. Sufuria iwe imejaa vya kutosha, kwa sababu sufuria tupu hupoa upesi. Usifunue kuchungulia. Na ukishaitoa, irudishe motoni itokote tena kabla ya kupakua.

Ukwaju, nyanya na ndimu visiguse sufuria mpaka maharagwe yameiva. Uchachu huyakaza ganda, na hapo utapepea hadi mkono ufe ganzi. Magadi hufanya kinyume chake, huyalainisha, ndiyo maana bibi zetu waliyaweka karibu na chumvi. Tumia kidogo tu, kwa wale wazee wabishi, kwa sababu magadi hula vitamini B1 iliyomo. Na ujue ubishi huo umeutengeneza wewe: maharagwe yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu kama wetu wa pwani hugeuka mawe ambayo hata kulowekwa hayasikii. Yanunue ya miezi 2 au 3, usinunue ya mwaka.

Maji nayo yana mpango wake. Bomba kubwa la kutoka chemchemi za Mzima, lililokamilika mwaka 1957, hufika hapo Mazeras, juu yetu kidogo, lakini mfereji wa uani kwangu hukauka siku nyingi za juma na sisi hununua kwa mitungi ya lita 20 kutoka mkokotenini. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kuoshea mchele huenda kwenye mche wa pilipili, ya pili hukaa kwenye ndoo ya kuanzia kusugua vyombo, na ya kulowekea maharagwe humwagiwa mpapai. Mtungi mmoja wa kupikia usiguswe kwa jambo jingine. Ufunike na uuweke ndani, karibu na unga, kwa sababu ni chakula.

Mpangaji asiyelipa kodi

Wahenga walisema akiba haiozi. Nawaheshimu, lakini hapa kwetu, kwa joto hili na hewa hii yenye chumvi, akiba huoza, huota ukungu, hutobolewa, hunuka mafuta ya taa ukiiweka karibu na stovu. Akiba ni kazi ya kila juma.

Fukusi wa kunde hakuingia kwa mlango wako. Ulikuja naye. Jike hutaga mayai juu ya maganda ya kunde zikiwa bado shambani, funza hujichimbia ndani ya punje, na wewe unanunua kunde nzuri zinazong'aa sokoni Kongowea, unazifungia ndani ya ndoo, baada ya majuma machache unakuta kila punje ina dirisha la mviringo na mwenyewe anatembea juu ya mfuniko kama mwenye nyumba. Hakuna haja ya kumchukia. Muhimu ni kumnyima pumzi.

Chukua jerikeni au chupa kubwa za plastiki zilizokauka kabisa, mimina kunde mpaka shingoni, tikisa zikae, ongeza tena mpaka pasiwe na nafasi ya hewa, kaza kifuniko. Wadudu waliomo watavuta hewa ile kidogo iliyobaki, itakwisha, nao watakwisha. Si uganga. Ndiyo kazi ya ile mifuko ya tabaka tatu ambayo wakulima wengi wa Kenya sasa wanaitumia kuhifadhia mahindi. Ilizaliwa kutokana na utafiti wa kuhifadhi kunde uliofanywa Cameroon na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Jerikeni lako ni mdogo wake mfuko huo. Ila likifunguliwa kila siku halifai kitu, kwa hiyo gawa: jerikeni kubwa lililofungwa na kopo dogo la matumizi ya juma.

Kama huna jerikeni, tumia mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya kunde, uzisugue mpaka kila punje ing'ae, na mayai hayatashika vizuri. Au zianike kwenye mkeka jua la saa 6, ukizigeuza, uwaone wakikimbilia kivulini. Mwenye jokofu lenye barafu anaweza kuzigandisha siku 4, na jirani mwenye jokofu ni mtu wa kusalimiwa kila asubuhi.

Mahindi yana adui mkali zaidi. Yupo mdudu aitwaye dumuzi, asili yake Amerika ya Kati, aliyeonekana Tabora kwenye miaka ya mwanzo ya 1980 na kuvuka kuingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la Scania, lile lile la lori, na sisi tunaolala kando ya barabara ya malori tunaelewa mara moja: anapopita, kinachobaki ni vumbi. Wamijikenda waliwapiga wadudu kwa moshi. Mahindi yalitandazwa kwenye uchaga juu ya meko, na kila chungu kilichopikwa chini kilikuwa kikilinda chakula cha juu. Jirani yangu anasema mpaka leo akisikia harufu ya sima iliyoshika moshi kidogo humjia nyumba nzima ya mama yake. Katika chumba cha mabati cha kupanga uchaga hauwezekani, basi usiweke mahindi mengi. Nunua ya kutosha mwezi mmoja, upeleke kidogo kidogo mashineni.

Unga ndio usiuamini kabisa. Julai 2022, bei ya pakiti ya kilo 2 ilipokuwa imepanda kupita shilingi 200, serikali iliishusha hadi shilingi 100 kwa kama mwezi mmoja. Watu walipanga foleni, na kuna jamaa hapa mtaani aliyejaza unga chini ya kitanda. Hata Oktoba haikufika. Unga ulikuwa unatembea wenyewe. Unga wa mashineni ambao haukukobolewa ndio huharibika upesi zaidi, kwani una mafuta ya kiini cha hindi, na mafuta hayo huchacha. Ukiuonja ukawa mchungu, umekwisha.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Fukusi ukimkuta, peta kwa uteo, osha, pika, ule, hana madhara. Ukungu ni jambo jingine. Mahindi, karanga au unga ulioota ukungu, wenye rangi ya kijani, kijivu au manjano, au wenye harufu ya uvundo, usiupike, usiuchanganye na mzima, usiwape kuku. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na jiko haliiondoi, hata utokose mchana kutwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyowekwa kabla hayajakauka. Katika mtaa wetu wapo watu wenye kwao huko. Mahindi makavu ya kuwekwa huwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, huna kipimo, basi tafuna hindi moja. Likipasuka kwa sauti, limekauka. Likikubali meno kimya kimya, lirudishe juani. Na gunia lisikae juu ya saruji, sakafu hutoa jasho. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiasi cha kiganja.

Kila chombo kiandike tarehe. Kipya nyuma, cha zamani mbele.

Nazi, na sababu ya kuishi pwani

Nazi kavu ni kopo ambalo Mungu amelifunga mwenyewe. Haitaki jokofu, hukaa majuma kadhaa, na inaigeuza kilo ya pojo za mwisho wa mwezi kuwa chakula ambacho mgeni atauliza kimepikwaje. Ukiinunua itikise sikioni. Maji yakicheza ndani, chukua. Ikiwa kimya, au macho yake matatu yana ukungu, mrudishie muuzaji kwa upole.

Nataka nikuonyeshe pojo za jana, kwa sababu ni mlo mmoja ambao karatasi yangu ya mlangoni haikosi. Pojo robo kilo. Nilizimwaga kwenye uteo, nikazichagua karibu na dirisha: kijiwe kimoja, kipande cha udongo, na mbili zilizotobolewa. Nikaziosha, nikaziweka motoni, maji yapite juu yake vidole vitatu. Kwa muda wa kama dakika 40 zikapasuka, tumbo la manjano likatokeza.

Huku nyuma nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, nimeibana nusu ya nazi kwa viganja, naizungusha polepole. Ukikuna kwa haraka unakuna na kifuu, na tui linakuwa na vitu vyeusi. Nikatia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja tu, nikafinya kwa nguvu, nikachuja: hilo ndilo kasimile, zito, limeacha mafuta vidoleni. Nikaliweka kando. Nikarudia mara mbili kwa maji zaidi nikapata tui jepesi. Chicha ikaenda kwa kuku wa jirani.

Kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya moja iliyokuwa inaanza kulainika, bizari ya manjano nusu kijiko, pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Kaanga kwa mafuta kidogo mno, kwa maana mafuta yako njiani ndani ya tui. Mimina pojo, mimina tui jepesi, acha vichemke pamoja mpaka mchuzi ushike nyuma ya mwiko. Kasimile ni mwisho kabisa, moto ukiwa umepungua, na hapo mwiko usitoke mkononi. Koroga ukiuzungusha upande mmoja, maana ukiliacha litokote peke yake tui hukatika, mafuta yakaelea juu kama ya garini. Chumvi. Epua. Jana tulikula kwa wali, na mtoto wangu mdogo aliyekataa "ndengu" kwa mwenzake juzi aliramba sahani, kwa sababu hizi zinaitwa pojo.

Njia hii hii ni ya kunde, ya maharagwe, na ya mbaazi za kuliwa na mahamri asubuhi. Ni ya pure pia, mahindi na maharagwe pamoja, ambayo wenzetu wa bara huila kavu na sisi tunaitia nazi. Wala si lazima uchague baina yao: Jumatatu pure kavu ya kukaangiwa kitunguu, Jumanne iliyobaki itiwe nazi.

Samaki mkavu ana nguvu kuliko ukubwa wake. Kipande cha papa au ng'onda cha ukubwa wa kiganja, ukikiloweka maji mawili kitoe chumvi, ukakikatakata na kukipika kwa ukwaju na tui, kitaipeleka sima ya watu watano. Mwache kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na mchele, la sivyo mwezi mzima utakula wali wa papa bila papa.

Kiporo

Maharagwe na mbaazi za jana ni tamu kuliko za leo, na kila mtu wa Mombasa analijua hilo. Zichemshe kabla ya kulala mpaka zitokote, zifunike usifunue, na alfajiri uzichemshe tena. Zilizotiwa nazi usizipe zaidi ya usiku mmoja bila jokofu, kwani tui huchacha. Mimi huacha sehemu ya kesho bila tui, nikaitilia asubuhi.

Wali usiuchukulie hivyo. Wali uliokaa nje usiku kucha katika joto letu unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo hata ukiukaanga hadi ukauke haivunjiki. Pika wali kwa kipimo, uishe. Na kama unapenda ukoko kama mimi, ule usiku huo huo, ukiwa umesimama jikoni.

Bakuli

Kuna jambo moja halikai kabatini wala halihesabiki kwenye karatasi. Siku ya kafyu lilikuja na kapu la ukili. Siku nyingine huja na kijinga cha moto, kikombe cha sukari, nusu ya nazi iliyovunjwa asubuhi. Azima, na urudishe kabla hujaulizwa. Ukiwa na pojo na jirani ana mchele, msipike vyungu viwili vya njaa; unganeni mle kwenye sinia moja, na mkaa wa nyumba ya pili ubaki kwa kesho. Wala usimfiche mgeni kwa sababu leo ni kunde. Mkaribishe kwa sauti ile ile ya siku ya pilau. Watoto wanasikiliza sauti yako zaidi ya kutazama sahani, na ukisema "leo kuna kunde tu" watajifunza hilo "tu" kabla hawajaonja.

Leo ni tarehe 27. Karatasi ya mlangoni imebaki na mistari mitano, mtungi wa maji umejaa nusu, na mkaa upo wa siku 3 nikiutumia kwa kapu. Kunde zimo ndani ya blanketi tangu adhuhuri. Bakuli la jirani liko hapa mezani, lile la bati la maua mekundu, aliloniletea mbaazi juzi. Nimeshaliosha, ila halirudi tupu, basi linangoja kunde ziive.